Mguu wa Kushoto

Bi Mkubwa alipowaka kwa mara ya kwanza na injini yake mpya, hakuna mtu pale uani aliyejua kwamba amewaka. Hata dereva mwenyewe hakujua.

Alikuwa ameketi nyuma ya usukani, koti la kazi limefungwa vifungo vyote, kofia imekaa sawasawa, utadhani anampeleka waziri uwanja wa ndege. Akavuta choki ya kuwashia, ambayo siku hizi ilikuwa haijafungwa kwenye kitu chochote, imebaki pambo. Akakanyaga mafuta mara tatu, akasubiri, akakanyaga na ya nne ya kubembeleza. Ndipo akazungusha ufunguo. Kule nyuma, ndani ya tenki, pampu mpya ya umeme ikapiga mluzi mwembamba kama wa mbu, na injini ikashika papo hapo. Gari halikukohoa, halikutikisa vioo, wala halikutoa ule moshi wake wa kufukuzia kuku. Dereva akatega sikio. Kimya. Akazungusha ufunguo tena.

Mlio uliotoka hapo uliwafanya watoto wa jirani wazibe masikio.

"Baba, acha! Imeshawaka!" binti yake alipiga kelele, tabaka la mafuta meusi likiwa limemkaukia toka kiwiko hadi kidole.

"Imewaka wapi? Mbona siisikii?"

"Ndivyo zinavyowaka siku hizi."

"Gari gani linawaka kimyakimya kama mwizi?"

Majirani waliokuwa wamejipanga juu ya ukuta walicheka mpaka mmoja akateleza. Mama, aliyekuwa barazani kwenye cherehani yake, hakuinua macho. "Mwacheni mwenzangu apumzike," alisema. "Miaka ishirini na tisa namsikia akikoroma kila alfajiri. Leo ametulia, mnamwamsha wa nini?"

Gari lilikuwa limeingia nyumba ile kabla ya Mama, ndiyo maana likaitwa Bi Mkubwa. Mama mwenyewe alijiita mke mdogo na hakuwahi kulikasirikia jina hilo, au kama alilikasirikia, alishona juu yake. Lilikuwa gari jeusi, refu, lenye taa mbili za mviringo na michirizi ya nikeli ubavuni, na kazi yake ilikuwa moja: kubeba mabibi harusi. Ada ya kila harusi ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba, na cherehani ikalipa yaliyobaki.

Tatizo lilikuwa goti. Klachi ya Bi Mkubwa ilikuwa ngumu kama kusukuma kabati, na goti la kushoto la dereva lilikuwa limeisukuma miaka arobaini. Mwezi uliotangulia, katikati ya mlima, na bibi harusi ndani, goti liligoma. Gari likazimika. Marafiki wa bwana harusi wakashuka na suti zao kulisukuma, huku mpiga picha akifanya kazi yake kwa bidii. Picha zile zilizunguka kwenye simu za mji mzima.

Basi binti, ambaye gereji nzima ilimwita Grisi, akaingia kwa mwenye gereji na kukataa mshahara wa miezi mitano. Badala yake alitaka lile gari lililogongwa nyuma na kutupwa pembeni: injini yake, giaboksi yake ya otomatiki, pampu, nozeli, na kompyuta ndogo inayopima mafuta. Mwenye gereji alimtazama kama anayetazama mtu anayenunua mvua. Lakini Grisi alijua anachotaka. Alitaka gari la baba yake lisiwe na klachi kabisa, ili baba yake asiitwe mstaafu.

Harusi nyingine ilikuwa Jumamosi. Leo ilikuwa Jumatatu.

*

Safari ya kwanza haikufika mbali. Mama alipanda nyuma na magauni manne ya wateja mapajani, kwa kuwa safari ni safari na mafuta hayachomwi bure. Grisi akabaki getini, anasikiliza kwa sikio la fundi. Akasikia gari likitoka vizuri, likichanganya vizuri, likikaribia kona. Halafu akasikia matairi yakilia, na baada ya matairi, Mama.

Alikimbia. Gari lilikuwa limesimama katikati ya barabara kama limeona nyoka. Mama alikuwa amekaa chini, kati ya viti, amevikwa magauni yote manne.

"Baba, nini kimetokea?"

"Gia yako imeshika," alisema dereva. Mikono yake ilikuwa bado imeng'ang'ania usukani. "Nilikuwa naingia kona. Ikashika tu, pwaa!"

"Gia haiwezi kushika hivyo."

"Basi muulize mama yako, yeye ndiye aliyefika mbele kabla ya gari."

"Mimi msiniulize," Mama alisema kutoka chini. "Ila huyu Bi Mkubwa tangu apate moyo mpya, amepata na wivu mpya."

Walijaribu tena jioni. Likashika. Wakajaribu Jumanne asubuhi, likashika mara mbili, moja mbele ya duka la vinyozi, ambako watu wana muda. Grisi akalala chini ya gari. Akapima mafuta ya giaboksi, akayamwaga, akayachuja kwa kitambaa akitafuta vumbi la chuma. Hakuna. Akalipeleka gari gereji, akaishusha giaboksi yote, peke yake na jeki moja, akaifungua, akaifunga. Akashuku nyaya, akazifuata mmoja mmoja kutoka kwenye kompyuta kama anayetafuta chawa. Jumatano akaishusha tena.

"Labda umeifunga miguu juu," mwenye gereji alisema, akimega mkate wake. Mafundi wengine wakacheka. "Grisi, mimi nilikwambia. Gari la zamani ni kama mkwe mzee. Unamwamkia, unamwacha alivyo. Wewe umempasua tumbo!"

"Kosa nitaliona."

"Utaliona. Na miezi mitano yako unaiona?"

Grisi alirudi chini ya gari. Kila alipofumba macho aliona mchoro wa ile giaboksi, na kila alipoufuata mchoro ulikuwa sahihi. Hicho ndicho kilichomnyima raha. Kosa linaloonekana humtii fundi. Lisiloonekana humfanya asimame barabarani akijisemea peke yake, na Grisi alikuwa ameanza kujisemea.

*

Jumatano hiyo, jua likiwa bado juu ya bati, alirudi nyumbani akamkuta baba yake barazani, mguu wa kushoto umewekwa juu ya ndoo iliyofunikwa. Mama alikuwa anamkanda goti kwa kitambaa cha maji ya moto. Goti lilikuwa limevimba, linang'aa kama nyanya.

"Pole, Baba."

"Nishapoa, mwanangu. Umeliona kosa?"

"Bado."

"Utaliona tu. Kesho shangazi wa bibi harusi anakuja kukagua gari. Nikuletee chai?"

Mama alikamua kitambaa, akakiweka tena. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta sindano iliyoanguka, "Lakini hili goti linavimbishwa na nini? Klachi si imeondolewa?"

Dereva akatazama bati.

"Baridi," alisema.

"Baridi gani na mimi natoka jasho?"

"Baridi ya ndani, mke wangu. Wewe kanda."

Grisi alisimama pale na mfuko wa spana begani. Goti la kushoto. Kwenye gari la otomatiki mguu wa kushoto hauna kazi. Hukaa pembeni kama mgeni. Alitaka kusema, akamwona baba yake alivyokaza shingo. Akaingia ndani kuoga.

*

Shangazi wa bibi harusi alifika Alhamisi saa nne, kilemba kimepanda juu kama ghorofa ya pili, miwani mikubwa, simu mbili. Alilizunguka gari, akapitisha kidole kwenye nikeli, akakitazama kidole. Safi.

"Mzee wangu, sura haina neno," alisema. "Ila nimeona picha za watu wanasukuma."

"Ile ilikuwa injini ya zamani, mama. Sasa tumebadilisha kila kitu. Karibu ndani nikuzungushe."

"Twende. Nyumbani kwetu kuna mabinti wengine watatu wanaolewa kabla ya mwaka kwisha. Huyu wa Jumamosi akifika salama, wote wanakuja kwako. Asipofika salama, pale mjini kuna magari meupe mapya, yana hadi friji."

Harusi nne. Mama aliacha kushona. Shangazi akaketi nyuma, katikati, kama kiti cha enzi. Na Grisi, bila kuombwa, akafungua mlango wa mbele akaketi kando ya baba yake.

"Wewe unakwenda wapi?" baba aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nasikiliza gia."

Walitoka taratibu. Gari lilikuwa linateleza kama limepakwa sabuni. Shangazi akaanza kutikisa kichwa kwa kuridhika. Grisi hakutazama barabara. Alitazama sakafu, pale palipokuwa na pedali mbili tu sasa, na kando yake kiatu cheusi cha baba yake, kimepigwa rangi, kimetulia juu ya zulia. Wakakaribia mzunguko wa soko. Baba akaachia mafuta ili apunguze mwendo. Mkono wake ukasogea kuelekea fimbo ya gia pale kwenye usukani, ingawa fimbo haikuhitaji kuguswa. Na kile kiatu kikaamka. Kilinyanyuka chenyewe, kikaenda mahali ilipokuwa klachi, kikakuta pedali pana ya breki, na kikaikanyaga kwa nguvu zote za miaka arobaini.

Breki mpya ilikuwa laini. Grisi mwenyewe ndiye aliyeifanya iwe laini, isukumwe na injini, ili baba yake asihangaike.

Miwani ya shangazi ilipaa, ikatua juu ya dashibodi, ikakaa inatazama mbele kama abiria wa nne. Kilemba kilishuka ghorofa moja.

"Mzee wangu!" shangazi alisema alipopata pumzi. "Bibi harusi wangu nimlete na kofia ya pikipiki?"

Dereva alikuwa ameshaurudisha mguu kwenye zulia. Alitazama mbele. "Unisamehe sana, mama. Si mimi. Ni gia." Lililofuata lilimtoka haraka, kama mtu anayemwaga maji machafu. "Kaifunga huyu binti yangu. Bado anajifunza."

Grisi alikuwa na miaka tisa gereji. Alichukua miwani kwenye dashibodi, akaifuta kwa upindo wa blauzi, akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili.

"Pole, shangazi," alisema.

"Jifunze haraka, mwanangu," alisema shangazi. "Kesho jioni nataka jibu. Kama gari si zima, niambieni ukweli, nami nijue pa kwenda."

*

Baada ya shangazi kuondoka, wawili hao walibaki ndani ya gari, limezimwa, uani, vioo vimepandishwa. Mama aliwaona kutoka barazani, akaamua kwamba uzi umekatika na kuutafuta kutachukua muda.

"Baba."

"Naam."

"Mguu."

"Mguu gani?"

"Huo unaosikia baridi."

Dereva akavua kofia, akaangalia ndani yake kana kwamba jibu limeandikwa huko. "Ile mara ya kwanza sikujua," alisema. "Haki ya Mungu. Nilidhani ni gia."

"Na mara ya pili?"

"Ya pili nilijua."

"Ulijua. Na mimi niko chini ya gari siku tatu, nimeshusha giaboksi mara mbili, gereji nzima inanicheka."

"Nilikuletea chai."

"Baba!"

"Nilikuletea chai mpaka gereji. Lini umeniona nimebeba chai, mimi?" Akaipiga kofia kwenye goti zima. "Mkono wangu nikiuambia kitu unasikia. Jicho linasikia. Huu mguu hauniulizi. Nikifikiria gia tu, wenyewe umeshakwenda. Nikikwambia wewe kwamba ni mguu, utafanya nini? Utanishusha. Giaboksi unaweza kuishusha mara mbili ukairudisha. Mimi ukinishusha sirudi."

Grisi alikuwa na maneno mengi aliyokuwa ameyapanga tangu mzunguko wa soko, mengine makali kweli. Yote yakawa hayafai.

"Kesho tunakwenda uwanjani," alisema. "Tunaufundisha."

*

Ijumaa asubuhi, uwanja wa mpira nyuma ya shule. Mama alikuja na kitambaa kilichobaki kwenye gauni la msindikizaji wa bibi harusi, cha waridi, kinachometa, akaufunga mguu wa kushoto kwenye chuma cha kiti, mafundo mawili na utepe.

"Huo utepe wa nini?" dereva aliuliza.

"Nimezoea."

Wavulana waliokuwa wanacheza mpira walikuja kuchungulia dirishani. "Mzee amekamatwa!" mmoja akatangaza, na habari ikavuka uwanja. Dereva akapandisha kioo. Akazunguka mara moja, mara mbili. Kitambaa kilivutika kila kona, kikakaza, mguu ukatulia. Mzunguko wa sita, Grisi, aliyeketi kando yake, alianza kupumua. Wa kumi, baba yake alianza kupiga mluzi, mkono mmoja dirishani, kama enzi zake.

Wa kumi na mbili, mpira ukaingia mbele ya gari.

Mguu wa kushoto ukaruka, ukakuta umefungwa. Na ule wa kulia, ambao kwa miaka arobaini ulizoea kwenda pamoja na mwenzake, ukapigwa na bumbuwazi. Haukukanyaga kitu. Bi Mkubwa akapita juu ya mpira, ukapasuka kwa mlio wa bunduki, na gari likaenda hatua nyingine kumi kabla Grisi hajaifikia breki ya mkono.

Mvulana aliyekuwa anaukimbilia mpira alikuwa amesimama mita mbili nyuma ya mpira, mikono kichwani. Hakulia. Aliuangalia tu mpira, halafu akaiangalia miguu yake.

Dereva akakata fundo kwa wembe wa Mama. Akashuka, akachechemea mpaka kwa yule mvulana, akampa hela ya mpira mpya, na juu yake akamshika kichwa kwa muda mrefu mno, mpaka mvulana akaona haya. Halafu akarudi nyumbani kwa miguu. Hakutaka kupandishwa.

*

Jioni alikaa barazani, akampigia shangazi simu. Dereva alikuwa mtu wa kuzungumza na simu kama vile anayempigia yuko ng'ambo ya mto, kwa hiyo ukuta wa majirani ulijaa kabla salamu hazijaisha.

"Ndiyo, mama. Gari ni zima. Halijapata kuwa zima hivi... Ile jana? Ile jana haikuwa gia. Nilikudanganya... Ilikuwa mguu wangu. Mguu! Wa kushoto!... Hapana, mama, hatuukati." Ukuta ukacheka. Hakugeuka. "Na binti yangu hajifunzi. Amemaliza kujifunza kitambo. Ana miaka tisa kazini, hata skrubu moja hakukosea. Niandikie hilo. Haya, kama huandiki, lishike kichwani... Ataendesha yeye. Fundi mwenyewe. Mimi nitakaa mbele... Ndiyo, nitafunga mkanda."

Alipokata simu, Grisi alikuwa amesimama mlangoni.

"Sikulifunga gari hili niliendeshe mimi," alisema. "Nilikufungia wewe."

"Na nitaliendesha. Mwezi ujao, au ule mwingine, mguu ukisahau. Kesho utakuwa haujasahau." Akavua koti la kazi, akamrushia. "Mama yako apunguze mabega."

"Mimi na mabega ya watu," Mama alisema, lakini cherehani ilikuwa tayari inazunguka.

*

Jumamosi bibi harusi alipanda Bi Mkubwa saa tano, gauni limejaza kiti chote cha nyuma mpaka shangazi akabaki kichwa tu. Grisi alikuwa ameshika usukani kwa mikono aliyoisugua kwa mafuta ya taa na ndimu, kucha bado nyeusi pembeni. Koti lilimkaa. Baba yake alikaa kando, kofia kichwani, mkanda umefungwa, amenyooka kama mti wa bendera.

Wakatoka. Hakuna aliyerushwa. Shangazi alikuwa ameivua miwani na kuishika mkononi, kwa tahadhari. Baada ya mzunguko wa soko akaivaa.

Ndipo Grisi alipousikia. Ulikuwa mlio mdogo wa soli ya kiatu juu ya chuma. Gari likichanganya mwendo, mguu wa kushoto wa baba yake ulinyanyuka, ukakanyaga sakafu tupu, ukaachia. Kila mara. Mdomo wake ulikuwa umefungwa na macho yako barabarani. Ila mguu ulikuwa kazini, na ulikuwa unaumia bure, kwa sababu giaboksi ilibadilisha gia kwa wakati wake, mara kabla yake, mara baada.

"Mzee wangu, unakanyaga nini huko?" shangazi aliuliza.

"Nasaidia, mama."

Mbele kulikuwa na ule mlima. Grisi alijua jambo moja kuhusu giaboksi ile, alilijua kwa kuishusha mara mbili: ukiachia mafuta kidogo tu, kwa unyoya, inapanda gia hapo hapo. Walipofika kileleni, barabara ikalala. Soli ikagonga sakafu. Grisi akanyanyua mguu wake wa kulia unyoya mmoja, na Bi Mkubwa akapanda gia, laini, kama ameambiwa na mwenye nyumba.

Mguu wa baba ukatua. Ukasubiri. Ukakanyaga tena walipoingia barabara kubwa, na tena gari likatii.

Kule nyuma bibi harusi alikuwa anajitazama kwenye kioo kidogo. Shangazi alikuwa kwenye simu zote mbili. Dereva hakugeuza shingo. Alisogeza kofia, akamwinamia binti yake kidogo, akasema kwa sauti ya chini, ya mwalimu:

"Hapo umechelewa kidogo."